Kopo la Senti na Kivuli cha Makerere: Kufundisha Kiingereza kwa Wahamiaji wa Sydney

Leo sileti nadharia ya isimu. Naleta historia, na ndani yake kosa langu mwenyewe, maana nimeona kwamba bila kosa lile historia hii nisingeitafuta.

Mwaka 2011 nilikuwa nafundisha Kiingereza jioni upande wa magharibi wa Sydney, kule Blacktown na Mount Druitt ambako ukipanda treni unasikia Kiarabu, Kidinka, Kitagalogi na, siku ukibahatika, Kiswahili cha Kivu. Darasani nilikuwa na watu kumi na wanane. Saba kati yao walisema Kiswahili: Wakongo, Warundi, na kijana mmoja Msomali aliyekulia Dadaab. Juu ya meza niliweka kopo tupu la kahawa. Sheria yangu ilikuwa rahisi: atakayesema lugha yake darasani anatia senti 20, na mwisho wa muhula tunanunua keki. Watu walicheka, nami nikajiona mwalimu hodari.

Alikuwepo mama mmoja wa Uvira, aliyekaa Nyarugusu, Kigoma, miaka kumi na tatu kabla ya kuletwa Australia. Yeye hakutia senti hata moja, kwa sababu hakusema kitu. Alinakili kila nilichoandika ubaoni, kwa mwandiko wa kuvutia, mstari kwa mstari. Kwenye ripoti nilimwandika kuwa ni mwanafunzi mzito. Jioni moja tulikutana kituo cha basi, nikamwamkia kwa Kiswahili, akashtuka kidogo halafu akafurahi. Tukaongea. Kumbe kambini alikuwa anauza vitenge na dagaa, anapiga hesabu kichwani kwa faranga za Burundi na shilingi, na anajua Kifuliiru, Kiswahili, Kirundi na Kilingala cha kuombea maji. Halafu akaniuliza, kwa adabu kabisa: "Mwalimu, ile kitu unachoraka ku ubao, ile ya mistari mistari, ni ya nini?"

Alikuwa anazungumzia jedwali la vitenzi. Upande wa kushoto mimi, wewe, yeye. Upande wa kulia umbo la kitenzi. Kwa miezi saba alikuwa ananakili jedwali kama mtu anayenakili pambo la mkeka. Alikwenda shule miaka miwili tu, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba safu husomwa kutoka juu kwenda chini, na mstari kutoka huku kwenda kule. Nikachukua risiti ya duka, nikachora nyuma yake, nikamweleza kwa Kiswahili. Hazikuzidi dakika kumi. Basi likaja, tukaagana.

Sasa tatizo. Wakati ule serikali ya Australia ilimpa mhamiaji wa aina yake saa 510 za Kiingereza bila malipo, pamoja na nyongeza kwa baadhi ya wakimbizi wenye kisomo kidogo. Saa zake zilikuwa zinakaribia kwisha. Nilikuwa nimezila kwa kopo la senti.

Usiku ule nilikumbuka kibao. Niliingia kidato cha kwanza Tanga mwaka 1976, katika shule ambayo sitaitaja. Aliyekamatwa anasema Kiswahili alivishwa kibao shingoni, naye alikivaa mpaka amkamate mwenzake. Jioni mwenye kibao alifagia bweni. Tulijifunza kunyamaza vizuri sana. Hebu fikirini: mtoto aliyevishwa kibao Tanga amekuwa mtu mzima, amevuka bahari, na jambo la kwanza alilofanya baada ya kupewa darasa ni kutafuta kopo. Nikajiuliza, sheria hii ilinijia kutoka wapi? Hakuna mkuu wa chuo aliyeniagiza. Niliibeba mwenyewe, kama mtu anavyobeba mafua.

Tuanze na Sydney yenyewe. Australia ilipoungana kuwa nchi moja mwaka 1901, moja ya sheria zake za mwanzo ilikuwa ya kuzuia wahamiaji wasio weupe. Sheria haikutaja rangi. Ilitaja imla: ofisa anamsomea mgeni maneno 50 katika lugha yoyote ya Ulaya, mgeni anaandika, akishindwa anarudishwa. Mfano wenyewe ulitoka Afrika, sheria ya Natal ya mwaka 1897 iliyotungwa ili kuwabana Wahindi. Kumbuka ni lugha yoyote ya Ulaya, na mwenye kuchagua ni ofisa. Mhindi anayejua Kiingereza angeweza kusomewa Kijerumani. Baada ya mwaka 1909 hakuna hata mtu mmoja aliyefaulu, na ndivyo ilivyokusudiwa.

Kisa kilichofanya mtihani huo uchekwe kilitokea hapa hapa Sydney. Mwaka 1934 mwandishi wa habari Egon Kisch, mzaliwa wa Prague na mpinzani wa Hitler, alikuja kuhutubia mikutano ya kupinga vita na ufashisti. Serikali haikumtaka. Kwa kuwa alijua lugha kadhaa za Ulaya, maofisa walimsomea imla kwa Kigaeli cha Scotland. Alishindwa, bila shaka. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya Australia, nayo ikaamua kwamba Kigaeli cha Scotland si lugha ya Ulaya kwa maana ya sheria ile. Waskoti wa hapa, nasikia, hawakupendezwa. Mtihani uliendelea kuwemo katika sheria mpaka ulipofutwa na Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1958.

Nimeanza na imla kwa sababu moja. Kabla ya kufundishwa, lugha hapa ilitumika kama komeo la mlango. Hii ni sababu ya kwanza kati ya zile zinazounda ufundishaji wa lugha ya pili, na haimo katika vitabu vyetu vingi vya mbinu: dola inataka nini na mtu huyu? Inataka aingie, au inataka abaki nje? Jibu likibadilika, somo nalo linabadilika.

Na lilibadilika. Baada ya vita, Australia iliona watu wake ni wachache mno. Waziri wa Uhamiaji, Arthur Calwell, akafungua milango kwa Wazungu waliopoteza makwao. Mwishoni mwa mwaka 1947 meli ya kwanza ilileta vijana wa Estonia, Latvia na Lithuania, wakapelekwa kambi ya Bonegilla, karibu na mpaka wa Victoria na New South Wales. Walikuwa na mkataba wa kufanya kazi miaka miwili popote serikali itakapowapeleka. Mtu wa namna hiyo lazima aelewe msimamizi anapopiga kelele kwamba gogo linaanguka. Kwa hiyo Kiingereza kikaanza kufundishwa kambini, halafu melini safarini, halafu kwa redio na kwa posta. Mpango wa Kiingereza kwa wahamiaji watu wazima, unaoitwa AMEP mpaka leo, unahesabu umri wake kuanzia mwaka 1948.

Angalieni darasa la Bonegilla lilivyokuwa. Mlatvia amekaa na Mlithuania, baadaye Mpolandi na Myukreni, na mwalimu hajui lugha hata moja kati ya hizo. Afanye nini? Anashika saa, anaonyesha, anataja kwa Kiingereza. Anafungua mlango, anataja. Njia hii ya kufundisha lugha kwa lugha yenyewe ilikuwepo Ulaya na Marekani tangu karne ya 19, katika shule kama za Berlitz. Pale kambini ilikuwa na maana kabisa, kwa sababu hapakuwa na lugha nyingine ya pamoja. Ilikuwa ni lazima, haikuwa imani.

Lakini lazima ikidumu sana hugeuka kuwa imani. Hapa Sydney, katika Ofisi ya Elimu ya Serikali Kuu, George Pittman na wenzake waliipangia njia hiyo utaratibu: miundo ya sentensi inapangwa kutoka rahisi hadi ngumu, kila muundo unaletwa kwa tendo au kitu kinachoonekana, na darasa linarudia pamoja. Masomo yao yalitumika kwa wahamiaji na yakachapishwa kwa dunia nzima mwaka 1965 kwa jina la Situational English. Yalikuwa kazi safi, mimi mwenyewe nimechota humo. Visiwa vya Pasifiki na New Guinea nako walifundishwa kwa vifaa vya kundi hilo. Lakini huko Pasifiki, tofauti na Bonegilla, shuleni kulikuwa na watoto wa kijiji kimoja wenye lugha moja. Dawa ya mgonjwa mmoja imeshaanza kupewa mwingine.

Sasa turudi nyumbani, maana kule ndiko kivuli kilikopata jina. Januari 1961 nchi za Jumuiya ya Madola zilikutana Makerere, Kampala, kujadili ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. (Msiuchanganye na ule mkutano wa waandishi wa mwaka 1962, uliofanyika hapo hapo.) Miaka zaidi ya thelathini baadaye, mwaka 1992, Robert Phillipson aliandika kitabu kilichodai kwamba mkutano ule uliweka nguzo tano, na akaziita nguzo zote tano kuwa ni uongo. Nazieleza kwa maneno yangu: Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza tu, mwalimu bora ni mzawa wa Kiingereza, kikianza mapema ndiyo vizuri, kikifundishwa kwa wingi ndiyo vizuri, na lugha nyingine zikitumika sana, Kiingereza kitashuka.

Wapo wanaosema Phillipson amekaza kamba mno, na Makerere hapakuwa na njama. Nakubali. Walimu wengi waliokutana pale walikuwa watu wema waliotaka watoto wetu wafaulu. Lakini ninachosema mimi ni kidogo zaidi na, nadhani, ni kigumu kukipinga. Sheria ya Kiingereza tu ilikuwa na sababu Bonegilla. Tanga haikuwa nayo. Mwalimu wetu alikuwa Msambaa, sisi Waswahili, Wabondei na Wadigo, na sote tulielewana kwa Kiswahili kabla ya kengele ya asubuhi. Ilibidi lugha ya pamoja ifukuzwe darasani kwanza, ndipo njia ya watu wasio na lugha ya pamoja ipate kutumika. Kibao kilifanya kazi hiyo ya kufukuza.

Kenya walitangulia. Mwaka 1957 Nairobi ilianza jaribio la kufundisha kwa Kiingereza kuanzia darasa la kwanza, mwanzoni kwa watoto wa Kihindi, ambao darasa moja lingeweza kuwa na lugha za nyumbani tatu au nne. Tena sababu ipo, sawa na Bonegilla. Jaribio likaonekana limefaulu, likahamishiwa shule za Waafrika, na Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ikaliunga mkono kwa nchi nzima. Tume ya Gachathi, mwaka 1976, ililazimika kurudi nyuma na kupendekeza lugha ya eneo la shule kwa madarasa matatu ya mwanzo.

Tanzania tulipita njia nyingine tukafika pale pale. Kuanzia mwaka 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule za msingi, na mimi ni zao la uamuzi huo. Sekondari ikabaki ya Kiingereza, tukidhani kwa muda tu. Mwaka 1982 Tume ya Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika sekondari mwaka 1985. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Uingereza, Criper na Dodd, wakapima Kiingereza cha wanafunzi wetu na kukuta kwamba wengi hawana cha kutosha kusomea masomo mengine. Mtu wa kawaida angesema: basi tusome kwa lugha tunayoielewa, na Kiingereza tukifundishe vizuri kama somo. Uamuzi ukawa kinyume. Kiingereza kikabaki kuwa lugha ya kufundishia, na kuanzia mwaka 1987 Uingereza ikatoa fedha za mradi wa kukiinua sekondari. Nguzo ya tano ya Makerere ilikuwa hai: hofu kwamba Kiswahili kikipewa nafasi, Kiingereza kitakufa. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ilikitaja Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia ngazi zote, lakini mpaka leo sekondari mambo ni yale yale.

Turudi Sydney, kwa sababu hapa upepo uligeuka wakati sisi tunavalishana vibao. Miaka ya 1970 sera ya Australia ya watu weupe ilizikwa, Wavietnam wakaja, na mwaka 1973 serikali ikaanzisha huduma ya ukalimani kwa simu. Mwaka 1976 Michael Halliday alianzisha idara ya isimu Chuo Kikuu cha Sydney. Kutokana na mafundisho yake walimu wa hapa walianza kuuliza swali jipya: mhamiaji anahitaji kufanya nini kwa lugha hii? Aandike barua ya malalamiko? Amweleze daktari anaumwa wapi? Wakavunja maandishi ya namna hiyo vipande vipande na kufundisha waziwazi yanavyojengwa, badala ya kungoja mwanafunzi aotee. Mwaka 1987 Joseph Lo Bianco aliandika sera ya taifa ya lugha iliyosema Kiingereza kwa wote, na pia lugha nyingine kwa wote. Jamani, ile ilikuwa sera ya watu wazima.

Haikudumu. Mwaka 1991 ikaja sera nyingine iliyoweka mbele Kiingereza cha kazi na uchumi. Kuanzia mwaka 1998 kufundisha wahamiaji kukagawiwa kwa zabuni, taasisi zikashindana. Saa 510 zikawa kama chupa ya dawa: kila mtu kijiko kile kile, daktari wa Kiirani aliyesoma chuo kikuu na mama wa Uvira asiyejua jedwali. Kwa haki niseme kwamba kikomo cha saa 510 kiliondolewa mwezi Aprili 2021, na kiwango cha kufikia kikapandishwa. Kwa yule mama ilikuwa ni miaka kumi kuchelewa.

Basi, kwa kuwa nilitaka kuzungumzia yanayounda ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili, niseme niliyoyaona. Vitabu vinataja umri, hamasa, kipaji na mbinu. Yote ni kweli. Lakini darasani kwangu nimeona mengine yakivuta kwa nguvu zaidi.

La kwanza ni kisomo cha awali, na sisi wa Afrika Mashariki tukumbuke kwamba kisomo hicho mara nyingi kimeamuliwa na kambi. Mkongo aliyepelekwa Kakuma alisoma mtaala wa Kenya, kwa Kiingereza. Ndugu yake aliyepelekwa Nyarugusu alisoma mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa. Wote wanaitwa Wakongo, wote wanatiwa darasa moja Sydney, halafu tunashangaa mmoja "ana kipaji".

La pili ni maisha. Mtu anayeamka saa kumi alfajiri kusafisha ofisi za mjini hasinzii darasani kwa uvivu. Na mama ambaye mwanawe wa miaka kumi anamtafsiria kila barua hana haraka ya kujifunza kusoma, ila ana uchungu ambao hausemi.

La tatu ni mwalimu, na hapa nguzo ya pili ya Makerere niliionja mwenyewe. Siku yangu ya kwanza mzee mmoja alinitazama mlangoni akauliza mwalimu yuko wapi. Nikamwambia ni mimi. Akakaa, lakini wiki nzima alikuwa anatazama mlango. Sikumlaumu. Naye alifundishwa, kama nilivyofundishwa mimi, kwamba Kiingereza kina wenyewe.

La nne, ambalo ndilo nililokusudia tangu mwanzo, ni lugha ambayo mwanafunzi anayo tayari. Kopo langu lilimwambia yule mama: acha kila unachokijua nje, ingia mtupu. Kumbe alichohitaji hakikuwa Kiingereza zaidi. Alihitaji dakika kumi za Kiswahili.

Kopo nililitupa. Tangu hapo nimekuwa na robo saa ya mwanzo ambapo wenye lugha moja wanakaa pamoja na kuelezana, kwa lugha yao, somo la leo linahusu nini. Mwalimu mwenzangu mmoja aliniambia nawaharibia. Nikamjibu kwamba mimi niliharibiwa kwa njia nyingine, na najua ladha yake.

Yule mama saa zake ziliisha miezi miwili baada ya kituo cha basi. Katika miezi hiyo miwili alianza kuinua mkono. Alijifunza kujaza fomu ya kliniki na kusoma tarehe ya miadi. Sitaki kuwadanganya kwamba alifika mbali. Alifika pale ambapo angefika mwezi wa pili laiti mwalimu wake angemuuliza kwa Kiswahili. Tulipoagana alinishukuru, "Aksanti mwalimu, Mungu akubariki." Sikuwa na la kujibu.

Ndugu zangu, wengi wetu tuko ughaibuni tukifundisha, au watoto wetu wanafundishwa. Wapo pia mliobaki na mamlaka kidogo kule nyumbani, kwenye kamati na wizara. Nawaomba kitu kimoja: waliovaa kibao, waandike. Shule gani haijalishi, mwaka gani na kilikuwaje ndiyo muhimu. Kumbukumbu hiyo haijakusanywa vya kutosha, na wenyewe tunazeeka.